Taya la Kulia la Shemeji

Mwalimu, umenichosha. Wiki ya tatu hii, kila nikiingia darasani, kabla sijaweka makalio kwenye benchi, "Bibi, umeandika? Bibi, wenzako wote wameshaleta." Wenzangu wote ni nani? Yule aliyeandika habari za mbuzi wake? Mimi neno moja linanitoa jasho kuliko kupasua friji, na wewe unataka maisha ya mtu mzima, "mtu wa kawaida unayemjua," uyabandike ukutani watu wapite wakisoma huku wanachokonoa meno. Haya, nimeandika. Makosa ya herufi rekebisha, ndiyo kazi yako. Maneno yangu usiyaguse. Na nikifika mwisho nina jambo ninalitaka kwako na kwa kila atakayesoma, sitaki kuja kuambiwa mlisahau.

Mtu ninayemwandika ni mdogo wangu wa kiume. Yadini wanamwita Kimya. Leo ni siku ya kumi na moja yuko rumande kwa pigo ambalo hakulipiga.

Tulizaliwa watatu: mimi, yeye, na mdogo wetu wa mwisho ambaye sasa ni mke wa shemeji. Baba yetu alikuwa mtu wa mkanda. Wengine waliamshwa kwa jina, sisi tuliamshwa kwa chuma cha mkanda. Mimi nilizaliwa na shoto, mkono wa kushoto ndio wangu, na baba akaona ule ni ujeuri wa makusudi. Akanifunga mkono wa kushoto mgongoni kwa kamba ya kiatu, akaweka sahani mbele yangu, akasema, "Utakula kwa wa kulia au utakufa." Nikala kwa mdomo kama ng'ombe. Siku nne. Siku ya tano alichoka yeye. Lakini siku ya tatu Kimya, ana miaka sita, alikuja kwa magoti nyuma ya mlango akaanza kunilisha tonge kwa tonge, na baba akamkuta. Alimpiga kofi moja upande wa kushoto wa kichwa. Moja tu. Sikio lile halijasikia tena mpaka leo, na tangu siku ile maneno yake yakapungua. Watu wanadhani mdogo wangu ni mpole. Si mpole hata kidogo. Amenyamaza tu.

Mama alipofariki mimi nikaenda kutafuta kazi yadini, na yeye akanifuata. Yadi yetu inavunja mashine zilizokufa. Zamani zilikuwa injini na majiko. Siku hizi ni kompyuta, malori kwa malori ya kompyuta, za kichogo na za bapa, na printa, na simu, na vitu ambavyo hata aliyevitupa hajui vilikuwa vya nini. Watu hudhani kuvunja ni hasira. Hasira itakukata vidole. Ile ya kichogo ukiipiga kioo mbele inakulipukia. Kwanza unaivunja shingo kule nyuma, kidogo tu, unaisikia ikivuta pumzi, fyuuu, ndipo unaipasua. Nilimwona mtu aliyesahau. Kioo kilimwingia macho yote mawili, na yeye akabaki amesimama vilevile, nyundo mkononi, anatuuliza nani amezima taa.

Kimya mimi ndiye niliyemfundisha kushika nyundo. Na hapa mwalimu unisome vizuri. Kila mvunjaji ana mkono wake. Niletee kasha lililopasuliwa nami nitakuambia nani amelipasua. Mtu wa mkono wa kulia pigo lake linaingilia upande huu, ufa unakimbia kule. Langu linaingia kinyume, peke yangu yadi nzima, na ndiyo maana wananiita Bibi Shoto. Mtu akiharibu mzigo akanisingizia, "ni Bibi Shoto huyo," wenzake hawabishani. Wanalitazama kasha, wanamcheka.

Kimya naye ana lake kabla ya kupiga. Hufuta kiganja cha kulia kwenye paja, mara mbili. Mara ya kwanza anafuta jasho. Ya pili sijui anafuta nini. Baada ya ya pili kitu kinavunjika. Miaka thelathini na zaidi sijamwona akifuta mara mbili halafu asipige.

Mwaka juzi dereva wa lori alinizaba kofi. Nilimwambia mzigo wake juu una kompyuta, chini ametia mawe ili uzito uzidi, basi. Nikaanguka. Nilikuwa bado chini nikipapasa kama meno yangu yapo, nikamwona Kimya ng'ambo ya pili ya yadi anafuta paja. Mara moja. Mara mbili. Alimvunja yule dereva mkono kwa jeki ya lori lake mwenyewe, na alipojikinga kwa mkono wa pili akauvunja nao. Mfupa ulitoka nje ya shati. Dereva alipiga kelele mpaka sauti ikamwisha, akawa anafungua mdomo tu. Kimya akairudisha jeki kwenye lori mahali pake, akaja kuninyanyua.

Hakimu akampa kifungo cha nje, miaka mitatu. Akamwambia mbele yangu, "Ukiinua mkono wako tena juu ya mtu yeyote, kwa sababu yoyote, hii miaka mitatu utakwenda kuitumikia ndani, na ya kosa jipya juu yake." Mimi nikaweka dole gumba kwenye karatasi ya udhamini, kwa kuwa wakati ule jina langu mwenyewe sikuweza kuliandika. Kwa hiyo mnielewe: kamba iliyo shingoni mwa mdogo wangu ilifungwa kwa ajili ya shavu langu.

Sasa shemeji.

Zamani nyaya tulikuwa tunazichoma moto ili tupate shaba. Moshi mweusi, mzito, ukikohoa unatema kama grisi. Mimi nikaanza kutema damu. Kimya hakusema kitu. Akachukua kikanyagio cha cherehani, nyembe mbili za randa na rola la printa, akajifungia navyo kwenye banda miezi saba. Alilala humo humo, chini ya meza ya kazi. Alichotoa humo ni mashine: unakanyaga, waya unaingia huku umevaa nguo, unatokea kule uchi. Hakuna moto, hakuna moshi. Kidole chake kidogo kimo humo, sifanyi mzaha, nyembe zilikinyofoa siku ya kwanza ya majaribio. Akafunga kitambaa akaendelea kukanyaga.

Wakati ule shemeji alikuwa mshirika wake. Walipatana mmoja atengeneze, mwingine aongee, maana shemeji ana ulimi na ana mashati. Akaichukua mashine akaipeleka kwenye maonyesho ya wavumbuzi mjini, akarudi na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Akakitia kwenye fremu ya kioo, akakitundika bandani juu kabisa. "Majina yetu haya hapa, yote mawili," akamwambia Kimya, akagonga kioo kwa ukucha. Kimya hajui kusoma. Mimi nilikuwa sijui. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye shule alipita kidogo na kusoma anajua, akasema, "Ndiyo, kaka, yote mawili." Mwaka haukuisha, kwa fedha zilizokuja na kile cheti yadi ikawa ya shemeji, mashine ikawa ya shemeji, watu wanakuja kupiga naye picha, na Kimya yuko palepale chini na nyundo yake.

Ndiyo sababu nilikuja kwenye darasa lako, mwalimu. Siku ya kwanza uliniuliza nataka kusoma nini nikakujibu nataka kusoma karatasi za dawa. Nilikudanganya. Nilitaka kusoma karatasi moja tu duniani.

Ilinichukua miezi minane. Siku hiyo nilipanda juu ya kreti, nikajifanya napangusa vumbi. Nikasoma kila herufi. Nikarudi tena kuanzia chini kwenda juu. Nikatazama mpaka ndani ya muhuri. Jina lilikuwa moja. Nikapangusa vumbi, nikashuka, nikaenda kuvunja printa kumi na mbili bila kunywa maji. Sikumwambia Kimya. Kifungo chake kilikuwa kimebaki mwaka na miezi kadhaa, na lile paja lake nalijua. Nikasema hili nitalimeza mpaka miaka mitatu iishe, hata kama litanitoboa tumbo.

Lilikuwa limekaa tumboni miezi mitano wakati shemeji alipoleta sinema.

Ilikuwa Jumapili mchana. Alipata televisheni kubwa iliyoletwa kuvunjwa, akamlipa fundi akaifufua, akaiweka bandani chini ya cheti chake. Akaziba madirisha kwa magunia. "Leo wote mtaangalia," akasema. "Hii sinema imezoa tuzo, dunia nzima inaisifu. Ni habari za kijana mdogo wa kompyuta aliyeanza na mikono mitupu akawa mkubwa. Mjifunze kujituma, msikae tu mnavunja vunja."

"Shemeji," nikamwambia, "tusipovunja wewe utakula nini?"

"Dada mkubwa, wewe kaa. Wewe ni msomi siku hizi."

Watu wakacheka. Tulikuwa kama ishirini. Mimi nilikaa karibu na dirisha, gunia lake limekandamizwa kwenye kizingiti kwa bonge la transfoma, kubwa kama nusu tofali. Kimya alikaa juu ya kasha hatua moja mbele yangu, ameligeuza sikio lake zima lielekee televisheni. Mdogo wetu alikaa kwenye kiti cha bosi pembeni mwa mlango. Shemeji mwenyewe hakukaa. Sinema ilikuwa ya lugha ya kigeni, kwa hiyo alisimama kando ya kioo, anatutazama sisi, na fimbo ya pazia mkononi, anatufasiria.

Sinema ilianza na vijana wawili kwenye chumba kimoja. Mmoja ana maneno, anatembea tembea, anapiga simu. Mwingine yuko chini ya meza na nyaya, mikono ina vidonda, amekonda macho yamekuwa makubwa. Wanatengeneza kisanduku fulani cha kuongea na watu. Nikamtazama Kimya mgongoni. Mgongo ulikuwa umenyooka kama umepigwa ubao.

"Huyu wa maneno ndiye mwenye akili," shemeji anasema na fimbo yake. "Yule wa chini ya meza ni kibarua wake."

"Mbona kibarua ndiye anayefanya kila kitu?" akauliza mama chai, anayetuuzia chai getini, ambaye hajawahi kufunga mdomo tangu azaliwe.

"Anafundishwa."

"Na mwalimu wake ni ile simu?"

Watu kicheko. Shemeji naye akacheka, lakini shingo yake ikavimba.

Sinema ikaenda. Kijana wa maneno akahamia kwenye jengo la vioo, viatu vinameta. Siku moja wakaletwa watu wa suti na karatasi, yule wa nyaya akaitwa, akaambiwa asaini, akasaini huku anatabasamu, hasomi, anamwamini mwenzake. Siku ya pili akaja kazini, mlango wa kioo ukakataa kumfungukia. Akagonga. Ndani wanamwona, wanaendelea na kazi. Akaanza kulia, makamasi yanamtoka, anasema maneno, anarudia rudia.

"Anasemaje?" mtu akauliza.

"Anasema," shemeji akasema, "nakushukuru sana bosi wangu kwa kunipa nafasi."

"Mtu anashukuru huku makamasi yanamfika kidevuni?" mama chai akasema. "Hata mimi ambaye lugha siijui nimeelewa anachosema."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa anakwepa kumtazama Kimya, na ukikwepa kumtazama mtu kwenye chumba kidogo hivyo ni kama unamwonyesha kidole.

Halafu likaja lile ambalo nadhani ndilo wanalolisifu hao wanaoisifu sinema ile. Kijana wa nyaya akavunja kioo cha mlango kwa mtungi wa kuzimia moto. Akaingia. Kwenye meza ya heshima, ndani ya kasha la kioo, wamekiweka kile kisanduku cha kwanza, alichokitengeneza kwa mikono yake. Akakipiga kwa mtungi. Akapiga, akapiga, vipande vinaruka usoni mwake, damu inachuruzika kwenye nyusi, yeye anapiga tu. Na banda zima likalipuka, si kwa huruma, la hasha.

"Betri!" watu wanapiga kelele. "Toa betri kwanza, mjinga wee! Itawaka!"

"Anaipiga bapa! Ingiza tindo kwenye ukingo!"

"Waongo hawa! Pigo kama lile betri ingekuwa imeshashika moto na yeye ameshaungua uso!"

Walisimama, wanamwelekeza mtu wa sinema namna ya kuvunja. Mimi nami nilipiga kelele, nisiseme uongo. Kimya peke yake hakupiga kelele. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, na mimi nilijua kwa nini. Hakuna hata mmoja wa yadi ile ambaye angevunja kitu alichokitengeneza yeye. Sisi tunavunja vya wengine.

Kelele zilipotulia, Kimya akasimama. Akasema. Watu waliofanya naye kazi miaka kumi walikuwa hawajasikia sentensi ndefu namna ile.

"Shemeji. Kwenye karatasi yako ile, jina langu liko mstari wa ngapi?"

Kwenye televisheni yule wa maneno alikuwa anapanda jukwaani kwenye ukumbi mkubwa. Mwanga mweupe ukajaa banda na cheti kikang'aa juu yake.

Shemeji angeweza kusema tutazungumza kesho. Angeweza kusema lolote. Lakini alikuwa ameshachekwa na mama chai mara mbili mbele ya mkewe. Akatupa mikono hewani, akacheka. "Mbona unaniuliza mimi? Muulize dada yako. Si amekwenda shule? Nasikia hata vumbi anapangusa kwa kusoma."

Alikuwa anajua. Aliniona siku ile nikishuka kwenye kreti, na miezi mitano yote alikuwa anajua kwamba ninajua na nimenyamaza, na alikuwa anakula chakula chake vizuri.

Kimya akageuka. Alinitazama kwa macho ya yule mtoto wa nyuma ya mlango mwenye tonge mkononi. "Dada?"

Ningeweza kusema uongo. Neno moja, "la pili, mdogo wangu, mstari wa pili," na leo angekuwa yadini anapasua printa. Nimelifikiria usiku na mchana siku hizi kumi na moja. Lakini mimi niliteseka sana kukisoma kile kitu. Nilichekwa na watoto wa jirani kwa kubeba daftari. Nilichokisoma sitakisemea uongo, hata kwa ajili ya damu yangu. Huo ni ubaya wangu na nimeukubali.

"Halipo," nikasema.

Mdogo wetu akajiziba mdomo.

Kimya akageuka tena kumwelekea shemeji. Mkono wake wa kulia ukashuka. Akafuta paja. Mara moja.

Shemeji alikuwa bado anacheka. Yeye alijua maneno tu, mkono wa mtu hajawahi kuusoma. Mimi niliona miaka yote ya jela ya mdogo wangu imekaa kwenye kile kiganja. Bonge la transfoma lilikuwa karibu na goti langu. Nikalichukua. Gunia likaanguka nusu, mimi nimeshainuka. Nina miaka sabini na kitu, magoti yangu yanalia kama bawaba, lakini hatua tatu ninaziweza. Nilipita kando ya Kimya wakati kiganja chake kinashuka mara ya pili, na kabla hakijafika kwenye paja nikampiga shemeji usoni kwa mkono wangu wa kushoto, kwa nguvu zote alizokuwa akizifunga baba kwa kamba ya kiatu.

Taya lilikatika kama kasha la plastiki. Mlio wake ni uleule, mkavu. Meno niliyasikia kwenye sakafu kabla sijayaona. Alianguka chali chini ya televisheni, mdomo umehama umekwenda upande mmoja, damu imetoka kama bomba lililopasuka, na miguu yake inapiga piga sakafu. Juu yake, kwenye sinema, maelfu ya watu wamesimama wanampigia makofi yule wa jukwaani. Hayakwisha upesi. Mpaka leo nikisikia makofi nasikia na ile miguu.

Nilikuwa nataka kumwongeza. Sitasema sikutaka. Nilishainua mkono. Kimya akanishika kifundo cha mkono, taratibu, akanitoa lile bonge mkononi kidole kwa kidole kama unavyomnyang'anya mtoto wembe. Na wakati huo huo mdogo wetu akasukuma mlango akipiga mayowe, jua likaingia, na watu ishirini waliokuwa wamezoea giza wakaona kitu kimoja: shemeji yuko chini, na Kimya amesimama juu yake na chuma chenye damu.

Polisi walipokuja waliuliza nani. Nikasema, "Mimi."

Yule mkubwa wao alinitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Bibi, nenda nyumbani ukapumzike."

"Nimekuambia ni mimi. Niletee kompyuta hapa nikuonyeshe."

Wakacheka! Mwalimu, nimetukanwa mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kufanya kazi safi namna ile halafu mtu akakataa kwamba ni yangu. Wakawauliza wengine. Mdogo wetu akasema ni kaka. Mama chai, mwenye mdomo wake ule, akatazama chini. Wanaume kumi na saba wanaokula kwa shemeji wakasema, "Tulimwona ameshika." Ndiyo, mlimwona ameshika. Nani aliuliza habari za kushika?

Wakamwuliza Kimya mwenyewe. Mdogo wangu akatoa sentensi yake ya pili siku ile. "Mwacheni dada. Ni mzee, amechanganyikiwa."

Yaani bado ananilisha kwa siri. Na safari hii si kofi moja. Ni miaka.

Siku akitoka nitamshukuru, na nikimaliza kumshukuru nitamzaba kwa hilo neno la kuchanganyikiwa.

Sasa nimefika mwisho, na hiki ndicho ninachokitaka. Wewe unayesoma hapa ukutani, simama mbele ya mwenzako. Inua mkono wako wa kulia, taratibu, mfikishie shavuni. Umegusa shavu lake gani? La kushoto. Sasa inua wa kushoto. Umeona? Shemeji anatembea na taya limefungwa nyaya, nyaya ambazo nina hakika zilichunwa kwa mashine ya mdogo wangu, na taya hilo ni la kulia. Limepasuka kutoka kulia kwenda kushoto. Hakuna mvunjaji wa yadi ile asiyeweza kulisoma, hata asiyejua herufi moja. Wanalisoma kila asubuhi anapopita, halafu wanainamisha vichwa.

Mimi jela siiogopi. Nimekula kwa mdomo siku nne. Lakini nataka pigo langu lirudishwe kwangu.

Kesi ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, chumba cha pili. Wengi wa yadini hawajui kusoma, kwa hiyo wewe unayejua, toa karatasi hii ukutani, nenda getini wakati wa chai, uwasomee kwa sauti, mama chai akiwa amesimama karibu. Mdogo wetu msomee peke yake. Halafu njooni nao mahakamani, mumwambie hakimu alitazame lile taya. Mwalimu, wewe utatangulia. Daftari langu acha kulisahihisha kwanza. Vaa viatu.